Kupandisha na kushusha dozi ya dawa ya thairoidi ukiwa na wasiwasi: mwongozo kamili kwa watu wa Mwanza na kanda ya ziwa

Swali ambalo wenzangu wenye thairoidi iliyolegea wananiuliza sana ni hili: daktari amenipandishia dozi, sasa moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, usiku silali, je nipunguze mwenyewe au nikomae tu? Jibu langu ni kwamba usipunguze mwenyewe na wala usikomae kimyakimya, kuna njia ya katikati na ndo naieleza hapa yote. Mimi siyo daktari, ni mtu ninayeishi na tatizo hili hapa Mwanza, na namba ya dozi yako anaiweka daktari wako, ila kazi ya kuangalia mwili kila siku ni yako na hakuna wa kukufanyia.

Kwanza jua dawa inavyokwenda mwilini

Tezi ya thairoidi ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Inatoa homoni inayoitwa T4, mwili unaigeuza kuwa T3, na hiyo ndo inaendesha mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, usingizi, mpaka akili kuwa nyepesi au nzito. Tezi ikilegea, yaani ikitoa homoni kidogo, mtu anachoka, anasikia baridi hata kama jua la Mwanza linawaka, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinakatika, mwili unaongezeka, moyo unapiga polepole, na wengi mawazo na wasiwasi vinaanza hapohapo kabla hata ya dawa. Dawa yenyewe ni levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa kiwandani, kwaiyo unarudishiwa kitu ambacho mwili umeshindwa kutoa wenyewe.

Sasa kitu cha kushika: levothairoksini inakaa mwilini mda mrefu sana. Inachukua kama siku 7 mpaka nusu ya uliyomeza itoke, kwaiyo ukibadilisha dozi leo mwili unahitaji kama wiki 6 kutulia kwenye kiwango kipya. Ni kama kivuko cha Kamanga, nahodha akigeuza usukani chombo hakikati kona kama bodaboda. Ukiwa na wasiwasi hapa ndo pagumu, maana unataka majibu leo, siku ya 3 unajisikia vibaya unapunguza, siku ya 6 umechoka unaongeza, na mwisho wa mwezi hamna anayejua, wewe wala daktari, mwili ulikuwa kwenye dozi ipi.

Alafu kipimo cha TSH kinawachanganya watu. TSH haitoki kwenye thairoidi, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Homoni ikiwa kidogo ubongo unasukuma kwa nguvu, TSH inapanda. Homoni ikizidi, ubongo unaacha kusukuma, TSH inashuka. Kwaiyo TSH ya juu maana yake dawa haitoshi, TSH ya chini sana maana yake huenda dawa imezidi. Maabara nyingi kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kati ya 0.4 na 4 hivi, ila soma kile kilichoandikwa kwenye karatasi yako maana mashine zinatofautiana.

Hatua ya 1: hakikisha unameza sawa kabla ya kulaumu dozi

Hapa nitakaa sana kwa sababu watu wengi wanapandishiwa dozi wakati shida ilikuwa kikombe cha chai. Dawa hii inataka tumbo tupu na maji matupu. Unameza asubuhi, unasubiri nusu saa mpaka lisaa limoja, ndo unakunywa chai. Chai ya maziwa, kahawa na uji wa lishe uliochanganywa soya vinazuia dawa isiingie vizuri, na huku kwetu uji wa lishe unanyweka kila nyumba, kwaiyo usiuache ila uusogeze mbele. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu, na dawa za kiungulia za kutafuna vinataka umbali wa masaa 4 kutoka kwenye dawa ya thairoidi, maana vikikutana tumboni vinaing'ang'ania na unaitoa chooni. Omeprazo nayo, ukiitumia kila siku, inaweza kufanya dozi yako isitoshe kwa sababu inapunguza tindikali ya tumbo, mwambie daktari unaitumia.

Mama anayechukua dagaa pale Mwaloni Kirumba anaamka saa 10 alfajiri, huyo ameze saa 10 hiyohiyo, chai ataikuta saa 11 akiwa kazini. Mvuvi anayelala mchana na kufanya kazi usiku asihangaike na saa ya ukutani, ameze anapoamka kabla hajala. Asiyeweza kabisa asubuhi anaweza kukubaliana na daktari ameze usiku anapoenda kulala, ila iwe masaa 3 au zaidi tangu ale ugali wake wa mwisho. Mwezi wa Ramadhani wengi njia hiyo ya usiku ndo inawafaa, au kuamka lisaa limoja kabla ya daku. Chagua mda mmoja ukae nao, kurukaruka ndo kunaharibu.

Ukisahau, meza siku ileile ukikumbuka tumbo likiwa tupu. Kama kumeshakucha siku nyingine endelea na dozi yako ya kawaida, usimeze mbili kwa pamoja, hasa wewe mwenye moyo unaoshtuka haraka.

Hatua ya 2: soma boksi

Dozi inapimwa kwa maikrogramu, kwenye boksi imeandikwa mcg. Ila makampuni mengine yanaandika kwa miligramu, na hapo mtu anaweza kudhani amepewa dawa tofauti: 0.05 mg ni sawa na mcg 50, na 0.1 mg ni sawa na mcg 100. Soma kila unaponunua, hata kama muuzaji ni mtu unayemfahamu miaka yote. Andika na jina la kampuni, maana ukihamishiwa ya kampuni nyingine mwili unaweza kuipokea tofauti kidogo, na ni busara kupima TSH wiki 6 baada ya kuhama. Usitegemee pia kuikuta kila duka la dawa mtaani, kama unakaa Buhongwa au Kisesa piga simu famasi za mjini kabla vidonge havijaisha.

Na tafadhali usipokee dawa ya jirani mwenye goita. Kuna watu thairoidi yao inafanya kazi kupita kiasi, wanapewa kabimazoli ya kuituliza, na hiyo ni kinyume kabisa na yako. Wote mtaani tunaitwa watu wa goita ila dawa zetu siyo za kubadilishana.

Kuhifadhi: nyingi zimeandikwa zikae chini ya nyuzi 25, mbali na mwanga na unyevu. Kwa joto letu usiziweke dirishani, jikoni, wala kwenye gari. Ziache kwenye pakiti yake, kabatini, chumba chenye kivuli.

Hatua ya 3: daftari na mapigo ya moyo

Kabla dozi haijabadilishwa, na wiki zote baada ya hapo, weka daftari la shule la kawaida. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, chini kidogo ya mkunjo, na usipimie kwa dole gumba kwa sababu nalo lina mapigo yake. Washa saa ya simu, hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha, maana dakika nzima ndo inakuonyesha kama mapigo yanaruka au yanapishana. Andika namba. Mtu mzima aliyetulia kawaida ni 60 mpaka 100. Andika na saa ulizolala, choo, kama mikono inatetemeka, hedhi kwa mwanamke, na wasiwasi upe alama kuanzia 0 mpaka 10. Uzito mara moja kwa wiki unatosha.

Mara moja asubuhi tu, jamani. Mwenye wasiwasi akianza kujipima mapigo kila baada ya nusu saa, kule kujipima kwenyewe kunayapandisha, na unaishia kuogopa namba uliyoitengeneza mwenyewe.

Hatua ya 4: siku ya kupima

TSH inapimwa wiki 6 mpaka 8 baada ya kuanza dawa au kubadilisha dozi. Kabla ya hapo namba inakuwa bado inasafiri, labda daktari awe na sababu maalum ya kuwahi. Uliza kama wanaweza kupima na T4 huru, yaani ile homoni iliyo tayari kutumika mwilini, kwa mtu mwenye mapigo na wasiwasi inasaidia kuona picha nzima. Nenda asubuhi, kidonge cha siku hiyo kibebe kwenye mkoba umeze baada ya kutolewa damu, kwa sababu ukimeza kabla T4 inaonekana juu kuliko ilivyo. Jitahidi iwe maabara ileile na mda uleule kila mara. Anayetoka Ukerewe kwa meli au anayevuka daraja la Kigongo na Busisi kutoka Sengerema apange mapema na hospitali anayoenda, iwe Bugando, Sekou Toure au nyingine, aulize kipimo kinafanyika siku gani na majibu yanatoka lini.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachoharibu vipimo vya watu wengi. Nywele zikikatika mtu ananunua vidonge vya nywele na kucha, ndani yake kuna bayotini nyingi, ambayo ni aina ya vitamini. Bayotini haiharibu thairoidi, inadanganya mashine ya maabara: TSH inaweza kutoka chini na T4 juu, daktari anaona dawa imezidi, anakupunguzia, kumbe ulikuwa hata hujatoshelezwa. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kipimo, na kama ni vile vya nguvu kubwa ongea na daktari uache mapema zaidi, alafu mwambie ulikuwa unavitumia.

Hatua ya 5: wasiwasi huu unatoka wapi?

Hili ndo swali lenyewe. Dawa ikizidi, dalili zinakaa na wewe kutwa nzima: mapigo yapo juu hata umekaa, hata alfajiri kabla hujawaza chochote, joto linakusumbua, jasho, mikono inatetemeka ukinyoosha vidole, choo cha mara kwa mara, mwili unapungua wakati unakula vizuri. Na mara nyingi imeanza wiki chache baada ya kupandishwa dozi. Shambulio la hofu lenyewe linakuja kwa wimbi, linapanda ndani ya dakika kama 10, unahisi unakufa, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, alafu linashuka, na ukipima mapigo kesho asubuhi unakuta 72 kama kawaida yako.

Lakini vinaweza kuwepo vyote viwili kwa mtu mmoja, na hapo kinachoamua ni daftari na kipimo, siyo hisia. Pia kuna watu ambao mwili ulizoea kwenda taratibu mda mrefu, dawa ikianza tu moyo unashtuka hata kama TSH bado ipo juu. Hao hawajazidishiwa, wanahitaji kupanda ngazi fupifupi. Usisahau na mambo mengine yanayopeleka moyo mbio huku kwetu: damu kupungua, malaria, kukaa na njaa, enaji drinki, kahawa nyingi, pombe ya jana. Omba wapime na wingi wa damu, hasa mwanamke mwenye hedhi nzito, na thairoidi iliyolegea yenyewe inaweza kuifanya hedhi iwe nzito.

Hatua ya 6: kubadilisha dozi na daktari

Ili ujue mnaongelea nini mkikaa naye: mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa mara nyingi anahitaji kama mcg 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani mwenye kilo 60 anaangukia karibu na 100. Aliyebakiwa na tezi inayofanya kazi kidogo anahitaji chini ya hapo. Kijana mwenye moyo mzima anaweza kuanzishwa karibu na dozi kamili, ila mzee au mwenye shida ya moyo huanza na 25 au hata 12.5 na kupanda polepole. Mwenye wasiwasi mkali ana haki ya kusema mapema, daktari, mwili wangu unashtuka haraka, naomba twende kidogokidogo. Ngazi ya kawaida ni 12.5 mpaka 25 kwa mara moja, na kila ngazi inasubiriwa wiki 6.

12.5 ni nusu ya kidonge cha 25. Kama famasi hamna kipimo unachohitaji, daktari anaweza kukwambia umeze 50 leo na 75 kesho, ukipiga wastani ni 62.5, na kwa sababu dawa inakaa mwilini mda mrefu mwili hausikii ule mruko. Weka alama kwenye kalenda ukutani ujue leo ni siku ya ipi.

Ukiona wiki ya 2 mambo yamekuwa magumu, usisubiri wiki ya 6 ukiteseka. Piga simu au rudi na daftari lako. Anaweza kusema subiri kidogo, anaweza kurudisha ngazi nusu, anaweza kupima mapema. Kitu kimoja tu kibadilike kwa wakati mmoja: mkibadilisha dozi ya thairoidi, dawa ya usingizi na mda wa kumeza ndani ya wiki moja hamtajua nini kimesaidia.

Hatua ya 7: tibu wasiwasi wenyewe, usiusubirishe

Siyo lazima TSH ikae sawa ndo wasiwasi utibiwe. Mwambie daktari waziwazi, kliniki za afya ya akili zipo na kuongea na mtu aliyesomea ni matibabu kamili. Wengine wanapewa propranololi kwa mda ili kutuliza mapigo na kutetemeka, ila mwenye pumu asiiguse. Sertralini, dawa ya sonona na wasiwasi, inaweza kufanya uhitaji levothairoksini zaidi, kwaiyo ukiianza TSH ipimwe tena. Amitriptilini nayo, dawa nyingine ya sonona, ikikutana na dozi kubwa ya thairoidi inaweza kusumbua mapigo ya moyo, kwaiyo daktari wa akili na wa thairoidi wote wajue unameza nini. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, usiinunue tu ukafanya ya kila usiku, mwili unaizoea haraka na kuiacha ni shida.

Wimbi la hofu likija, kaa, vuta pumzi puani ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, rudia dakika 5. Kutoa pumzi ndefu ndo kunashusha mapigo. Jioni tembea, iwe ufukweni au mtaani kwako, enaji drinki acha kabisa na kahawa punguza.

Wapo watakaokwambia umerogwa au una majini. Kama imani yako inakupeleka kwenye maombi nenda ukaombewe, ila kidonge cha asubuhi kibaki palepale. Dawa ya miti shamba mwambie daktari kabla hujachanganya. Na vidonge vya aidini (madini joto) au vya mwani wa baharini vinavyouzwa mitandaoni kama tiba ya thairoidi usivinunue, aidini ikizidi inaweza kuilegeza tezi zaidi. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha. Watu wanauliza pia kuhusu muhogo na kabichi: ukila kwa kiasi, vimeiva vizuri, havikuzuii kupona, dawa unayomeza haitegemei tezi yako ifanye kazi.

Lini uende hospitali leo hii

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umetulia, kuzimia, mapigo yanayopishana hovyo au yanayozidi 120 umekaa na hayashuki. Na upande wa pili, mtu mwenye thairoidi iliyolegea aliyeacha dawa mda mrefu akawa na usingizi usioamshika, mwili wa baridi, anaongea vitu visivyoeleweka, huyo ni dharura kubwa, mkimbizeni. Na wewe ambaye mawazo yamefika mahali unafikiria kujidhuru, usibaki peke yako chumbani, mwambie mtu mmoja sasahivi na mwende wote hospitali, daktari wa zamu anajua cha kufanya.

Mambo yanayobadilisha dozi hata ukiwa umeshatulia

Ujauzito ndo wa kwanza. Ukijua tu una mimba, wasiliana na daktari siku hiyohiyo, usisubiri kliniki ya kwanza, maana mahitaji yanapanda mapema na mtoto anategemea homoni yako miezi ya mwanzo. Njia inayotumika sana ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, na kupima TSH kila wiki 4 mpaka katikati ya mimba. Ni vizuri kuliongea hili na daktari kabla hata hujashika mimba, uwe na ruhusa yake mkononi. Na zile dawa za kuongeza damu za kliniki, kumbuka masaa 4.

Dawa za TB zenye rifampisini, na za kifafa kama fenitoini, fenobabitali na kabamazepini, zinamaliza homoni haraka, dozi inaweza kuhitaji kupanda, na ukimaliza matibabu ya TB inaweza kuhitaji kushuka tena. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuongeza mahitaji. Uzito ukibadilika sana, pima. Kama hamna kilichobadilika na TSH imetulia, kupima kila miezi 6 mpaka 12 kunatosha, na daftari la mapigo unaweza kulipumzisha mpaka dozi itakapoguswa tena.